Pete ya Serikali

Bi Clelia alikuja Jumatatu moja ya mwaka wa thelathini na tano na orodha yake, akanikuta nimeinamia beseni la nguo za watu, povu limenifika viwikoni. Alikuwa mke wa msimamizi wa machimbo ya marumaru, na tangu chama kinachotawala kimfanye kiongozi wa wanawake wa mtaa wetu alikuwa akiingia nyumba za watu bila hodi, utadhani milango yote ya Carrara ilichongwa na baba yake. Akailowesha penseli kwa ulimi, akasema tarehe kumi na nane Desemba kila mwanamke mwenye ndoa atatoa pete yake ya dhahabu kwa ajili ya vita vya Abisinia. Mataifa yametugomea, hayatuuzii kitu, kwa hiyo dhahabu itatoka vidoleni mwetu.

"Nikuandike pete moja?" aliuliza.

"Andika utakavyo, Bi Clelia. Mimi pete sina."

"Umeiuza?"

"Sijawahi kuvaa."

Aliutazama mkono wangu, akacheka kwa pua. "Ah, nilisahau. Nyinyi wa machimboni mnaoana kama paka, juu ya mapaa." Akaenda zake kwa jirani.

Mimi si mtu wa kukosa jibu. Lakini pete kweli sikuwa nayo. Kwetu machimboni watu wengi walikuwa wameapa tangu zamani kutokanyaga kanisani wala ofisi ya serikali kwa jambo la mapenzi. Baba yake Ateo, mtu wangu, alikuwa wa kundi hilo, ndiyo maana akampa mwanawe jina lenye maana ya mtu asiye na Mungu, na nasikia padri alikuwa akivuka barabara kila alipokiona kitoto kile. Mimi na Ateo tulisimama mbele ya wachimbaji wenzake siku ya kwanza ya Mei, mwaka wa ishirini na tatu. Yeye akasema, huyu ni mwenzangu. Na mimi nikasema, huyu ni mwenzangu. Tukala mkate na mafuta ya nguruwe, tukanywa divai, basi. "Mke" na "mume" yalikuwa maneno ya mapadri na mapolisi, sisi hatukuyatumia hata kwa ugomvi. Binti yetu tukamwita Libera, yaani aliye huru, na mwalimu wake shuleni humwita Maria kwa sababu jina lake linamkwaruza koo.

Ateo walimchukua mwaka wa thelathini na tatu. Aliweka ua jekundu juu ya kaburi la rafiki yake aliyeuawa na vijana wa chama, wale wa mashati meusi. Ua moja. Hakukuwa na kesi wala hakimu, walimpa miaka mitano ya kizuizi kisiwani na wenzake wa aina yake. Mwaka huo wa pete alikuwa amekwisha kumaliza miwili na nusu. Na wiki mbili kabla ya Bi Clelia kuja, mtu mmoja aliyemaliza muda wake huko alipita kwangu, akakataa kuketi, akaniambia akiwa mlangoni kwamba Ateo anatema damu.

"Nyumba zile ni unyevu mtupu," alisema. "Akiivuka baridi hii, haivuki ya mwakani. Nimeona wengi."

Tangu siku ile nilikuwa nahesabu majira ya baridi tu. Nilitaka mtu wangu arudi akiwa hai. Sikuwa na siasa nyingine.

Baada ya Bi Clelia kuondoka nilijifuta mikono, nikaenda kituoni. Mkuu wa karabinieri, polisi wetu, alikuwa Afande Lopardo, mtu wa kusini, mnene, mwenye sura ya mtu aliyefiwa jana, na hakuwa mbaya kama kazi yake. Barua za Ateo alinipa mkononi baada ya kuzisoma, na mara nyingine aliniomba radhi kwa mistari iliyopakwa wino mweusi.

"Afande, mtu wangu anakufa."

"Aombe msamaha. Wenzake wameomba, wamerudi, wanakula ugali kwao."

"Hataomba. Unamjua."

"Namjua. Kichwa kigumu kuliko jiwe analolichimba." Akasugua macho. "Basi aombewe. Mama anaruhusiwa, au mke."

"Mama yake alikwisha kufa."

"Kwa hiyo mke."

"Si mimi hapa?"

Akashusha pumzi. "Argia, kwenye daftari la manispaa wewe huna mume. Barua zako zinafika kisiwani kwa sababu mwaka ule niliandika 'mke' kwenye fomu, na hakuna aliyeuliza. Lakini ombi la msamaha linakwenda Roma. Roma wanauliza."

"Basi nifunge naye ndoa."

"Ni lazima yeye naye atake. Atataka?"

Ateo alikuwa ameniandikia mara moja, mstari ambao Lopardo aliuacha bila wino: atakayepiga magoti kwa niaba yangu, asijihesabu wangu. Afande alikuwa ameusoma kabla yangu, hakuwa na haja ya jibu.

"Sikiliza," alisema, na sauti akaishusha. "Tarehe kumi na nane, kila atakayetoa pete atapewa cheti chenye muhuri wa chama. Fulani, mke wa fulani, ametoa dhahabu ya ndoa yake kwa Taifa. Cheti hicho kikiambatana na ombi, karani gani wa Roma atathubutu kusema mama huyu hakuolewa?"

"Kwa hiyo nitafute pete, ili niitoe."

"Mimi sijasema kitu," alisema, akainuka kufungua dirisha ingawa nje baridi ilikuwa inakata masikio.

Nilikuwa na hereni za marijani za marehemu mama yangu. Nilikwenda nazo kwa miguu mpaka Sarzana, mbali na macho ya watu, kwa sonara mmoja mzee. Hakuniuliza harusi ni lini. Alivuta droo iliyojaa pete nyembamba, zote sawasawa, nyepesi hata ukipuliza zinaruka.

"Wewe ni wa kumi na nne wiki hii," alisema. "Mabibi wakubwa wananunua hizi wakazitoe kwa Taifa. Zao za kweli wanazishonea ndani ya mto."

"Na mimi je, unadhani nina ya kweli?"

Aliangalia viatu vyangu. "Hapana," akasema, akachukua hereni.

Tabu yangu ikawa nyingine. Pete ya miaka kumi na miwili haing'ai vile, na kidole cha mwanamke aliyevaa pete miaka yote hiyo huwa na kiuno. Changu kilikuwa kimenyooka tu. Nilikuwa na siku tisa. Nikaisugua pete kwa majivu na mchanga, nikaivaa nikifua, na chini yake nikazungusha uzi nikaukaza mpaka ngozi ikawa ya zambarau.

"Mama, unaumwa kidole?" Libera aliniuliza.

"Naolewa."

Akakitazama. "Ndiyo inauma hivyo?"

"Wengine inawauma zaidi."

Wenzangu waliiona siku ya pili tu, kwenye karo la kufulia la mtaa, ambako hakuna kinachofichika. Aliyesema wa kwanza ni Bi Zelinda. Huyu alikuwa mjane, mumewe alilaliwa na jiwe la marumaru, na Ateo ndiye aliyemtoa chini ya jiwe lile. Alinilea kwa maneno makali na supu nzuri tangu nilipohamia mtaani.

"Argia, umeolewa lini? Hata mkate hatukula."

Wanawake wakacheka. Nikacheka nao kidogo. Halafu Bi Zelinda akaacha kucheka, akanisogelea.

"Unakwenda kuitoa."

"Nakwenda."

"Dhahabu hiyo itakuwa risasi, wewe mtoto."

"Najua itakuwa nini."

"Ateo anajua?"

"Ateo anatema damu, Bi Zelinda."

"Sikukuuliza anatema nini."

Alibeba beseni lake akahamia upande wa pili wa karo, na mmoja mmoja wengine wakamfuata. Tangu siku hiyo nilifua peke yangu upande wangu, na hakuna aliyeniazima hata kipande cha sabuni. Nilijikaza. Nilijiambia kwamba wao wanaume wao wamelala nyumbani, wanaweza kununa wanavyopenda.

Tarehe kumi na nane kulikuwa na mvua nyembamba ya barafu. Mbele ya mnara wa mashujaa waliweka chungu kikubwa cha chuma, moshi wa ubani unafuka, bendi inapiga, padri amesimama na maji yake ya baraka. Sisi wanawake tulipanga foleni kuuzunguka uwanja wote wa mji. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja wa Torano ambaye mumewe alikufa miaka thelathini nyuma. Pete ilikuwa imemganda kidoleni, ikabidi aipake mafuta na kuivuta huku analia, na hakuna aliyemwambia arudi nyumbani. Nilijichukia sana pale. Kuna mtu Abisinia, nilisema moyoni, hanijui, simjui, amenikosea nini mimi? Na miguu yangu ikaendelea kusogea na foleni.

Bi Clelia ndiye aliyekuwa akipokea. Aliishika pete yangu kwa vidole viwili, akaigeuza, akachungulia ndani kwenye alama ya sonara wa Sarzana. Halafu akakishika kidole changu chenye jeraha la uzi, akakitazama muda mrefu. Nikatupa jicho chini, na ndipo nilipokiona kidole chake yeye. Alikuwa amekwisha kuvalishwa pete ya chuma, ile ambayo kila aliyetoa dhahabu alipewa badala yake, lakini kiuno cha pete yake ya zamani kilikuwa kipana mara mbili ya chuma kile. Na kwenye sahani ya heshima, pembeni ya chungu, ililala pete aliyoitoa yeye wa kwanza huku watu wakimpigia makofi. Ilikuwa pacha wa yangu.

Tukatazamana.

"Jina la mume?" aliuliza.

"Ateo Menconi."

"Argia, mke wa Ateo Menconi," alimwambia karani, kwa sauti ya kusikika. Akanivalisha chuma, padri akaninyunyizia maji, na mtu wa nyuma akanisukuma nipishe.

Ombi Lopardo alinisomea, nami nikaandika. Mume wangu ametubu. Mume wangu kwenye barua zake anausifu ukuu wa Kiongozi. Mume wangu analilia mwanga aliokuwa hauoni. Uongo ulitiririka vizuri, na mwandiko wangu ni mzuri. Tulipofika mwisho akasoma: "Naye yu tayari kulitumikia Taifa popote litakapomhitaji."

"Hii nayo ya nini?"

"Zote zinaishia hivyo. Ni kama amina."

Nikaiandika, nikatia sahihi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kujiandika mke.

Mwezi wa Mei jeshi letu liliutwaa mji mkuu wa Abisinia. Kengele zililia siku nzima, watoto wa shule wakapewa peremende, na kutoka kwenye redio ya uwanjani tukaambiwa kwamba sasa sisi ni dola kubwa. Kwa furaha hiyo Roma ikatoa misamaha. Jina la Ateo lilikuwamo.

Alishuka kwenye treni mwezi wa Juni, katikati ya mchana, akiwa amebeba boksi lililofungwa kamba. Shati lilikuwa linamning'inia. Alimkumbatia Libera kwa muda mrefu, akamnusa nywele, kisha akanigeukia.

"Argia," alisema, kama mtu anayeitikia jina kwenye foleni.

Nyumbani nilimwekea ugali na maharage. Hakula. Alimtuma Libera akachote maji, na alipotoka akaniambia akiangalia meza.

"Mkuu wa kisiwa alitukusanya uani. Akaisoma barua yako kwa sauti, yote. Akaniuliza mbele ya ndugu zangu wote, ni kweli umetubu? Nikasema barua hiyo siijui. Akasema, kwa hiyo mkeo amemdanganya Kiongozi? Nikaona wakikuchukua wewe, na mtoto anabaki na nani. Nikanyamaza."

"Ulifanya vizuri kunyamaza."

"Wakanipa migongo. Watu mia mbili, Argia. Jirani yangu wa kitanda, mtu tuliyegawana sigara moja miaka mitatu, aliburuta godoro lake akalihamisha."

"Ungekufa kule."

"Ningekufa nikiwa na watu."

Hasira zilinipanda mpaka nikauona ukuta mwekundu. "Na sisi ni nini? Mimi na yule aliyekwenda kuchota maji ni mbuzi? Nimefua peke yangu miezi sita. Nimenyunyiziwa maji ya padri. Nimetoa dhahabu ikawaue watu, mimi, kwa mkono huu, ili wewe ukae hapo unitazamishe kisogo?"

"Sikukuomba."

"Hukuniomba, kweli. Ulikuwa na kazi ya kutema damu."

Hakunitazama usoni siku ile wala wiki nne zilizofuata. Alipopata nguvu kidogo alipanda machimboni kwa kundi lake la zamani. Kazi yao ni kuteremsha jiwe mlimani juu ya magogo yaliyopakwa sabuni, jiwe la tani nyingi limefungwa kamba, na walio mbele wanatembea chini yake wakijua kwamba roho zao zimeshikwa na walio nyuma. Ateo alikuwa wa nyuma, mtu wa kamba, tangu ujana wake. Kiongozi wa kundi alimpa mkono, akamuuliza habari za kifua, halafu akasema, "Kamba ina watu wa kutosha, Ateo." Hawakumtukana. Alirudi, akaketi dirishani, na pale ndipo alipokuwa akishinda, anakohoa ndani ya kitambaa na kukikunja haraka nisione.

Julai ikaja karatasi. Kwa kuwa ndugu Menconi, kama ilivyoandikwa na mkewe, yu tayari kulitumikia Taifa popote, ameteuliwa kwenda Abisinia kama mfanyakazi wa kujitolea katika ujenzi wa barabara za jeshi. Daktari wa manispaa alimpiga muhuri wa afya njema bila kumvua shati. Niliusoma mstari wangu mwenyewe juu ya karatasi ile, kwa chapa ya mashine, na nikakaa chini palepale sakafuni.

Ateo aliichukua, akaisoma mara mbili, akavaa koti. "Twende kwa Lopardo," alisema. "Wote wawili." Mimi nilidhani anakwenda kukataa, na kwamba watamfunga gereza la kweli, la minyororo.

Lopardo alipotuona pamoja alimtoa karani nje. Ateo aliiweka karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Afande, msamaha huu ni batili. Aliyeuomba si mke wangu. Hatukufunga ndoa popote. Daftari la manispaa lipo, litazame."

Nilihisi kama mtu kanivua nguo. Miaka kumi na mitatu, na mtoto, na mtu huyu ambaye alikuwa akilicheka daftari la manispaa, leo anakimbilia humo kunikana. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kulia, na sikufanya hata moja.

Lopardo aligeuza karatasi, akaigeuza tena. "Unajua unachosema? Kama ombi halipo, na msamaha haupo. Unarudi kisiwani kumalizia miaka miwili, na wakitaka wataongeza."

"Najua."

"Baridi ya mwakani utakuwa humo ndani."

"Najua, Afande. Watu wale wa Abisinia hawajanikosea. Nikawatengenezee barabara, mizinga iwafikie mlangoni?"

Afande alinigeukia mimi. Alionekana mzee. "Cheti cha chama usikiogope," alisema. "Katika mji huu hakuna anayetaka pete za siku ile zichunguzwe. Lakini neno lake peke yake halitoshi, ni lazima nawe useme, na nikishaandika halifutiki. Kwa hiyo sikiliza kwanza, Argia. Ukisema wewe ni mke, ombi linasimama, na Alhamisi anapanda meli Livorno. Kule nyanda za juu hewa ni kavu. Madaktari wanaisifia, watu wa kifua wanapona. Atalipwa mshahara, wewe utapata posho ya mke, mtoto atavaa viatu, na barua zitakuja kila mwezi. Anaweza kuishi. Kisiwani, sisi sote watatu tunajua."

"Tunajua," nilisema.

"Basi nakuuliza. Wewe ni mke wake?"

Nilimgeukia Ateo, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye treni alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, mtu huyu aliyeshika kamba za mawe ya tani ishirini akiimba, aliogopa mdomo wangu. Maisha yake yalikuwa mkononi mwangu mara ya pili, safari hii akijua, na alikuwa anangoja aone nitayafanya nini. Neno la ndiyo lilikuwa limenijaa kinywani. Naapa nililionja. Lilikuwa na viatu vya Libera ndani yake, na hewa kavu, na barua kila mwezi. Wapo watakaosema nilikuwa shujaa, na wapo watakaosema nilimuua. Mimi nasema tu kwamba alinitazama, na nisingeweza kuishi baada ya kuyaona macho yale yakifa mbele yangu.

"Hapana, Afande," nilisema. "Mimi si mke wake. Sijawahi kuwa."

Lopardo alichovya kalamu. Ilikwaruza karatasi muda mrefu, na wakati huo wote Ateo alikuwa ameniwekea mkono shingoni nyuma, mkono wenye joto la homa.

"Mwenzangu," alisema. Hakuniita hivyo tangu arudi.

Nikatia sahihi, na Ateo akapewa saa moja kabla ya kupelekwa. Sikutaka kuipoteza kwa machozi, nikaanza kupanga kwa sauti. Nitamtumia soksi za sufu kabla ya Oktoba, na fulana mbili, na mafuta ya ini la samaki kwa kifua, na barua kila Jumapili, na Libera ataongeza mistari yake.

Lopardo hakuinua kichwa. "Argia," alisema, "vifurushi na barua ni kwa ndugu wa damu na mke halali. Yule mke wa kwenye fomu nimemfuta sasa hivi. Umesaini."

Nilimtazama Ateo, nikaona kwamba yeye pia hakuwa amelifikiria hilo. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Ndipo karabinieri wawili wakaingia na pingu.

Libera alimwandikia, binti wa damu. Barua zake zilirudishwa, kwa sababu daftarini hakuandikwa kuwa na baba. Hilo nalo hatukulifikiria siku ile ya Mei, tulipokuwa tunakula mkate na mafuta ya nguruwe na kuona dunia yote ni yetu. Mwaka wa thelathini na nane, muda wake ulipokwisha, walimwongezea mitano. Alinieleza mtu mmoja aliyeachiwa, ambaye alisema pia kwamba wale waliompa migongo walimpokea, walimpa nafasi penye jua, na kwamba bado alikuwa anakohoa. Bi Zelinda alinirudishia sabuni. Kisha Lopardo akahamishwa, na hakupita mtu mwingine wa kuniletea habari.

Juzi, tarehe kumi Juni ya mwaka huu wa arobaini, redio ya uwanjani ilitutangazia vita na Ufaransa na Uingereza. Watu walipiga makofi, wengi kwa sababu wa pembeni yao walikuwa wanapiga. Kijana wa Bi Clelia ameitwa jeshini. Nilimwona mama yake amesimama chini ya kipaza sauti, mikono imelegea, hapigi makofi. Leo asubuhi wanawake wamejaa kituoni kuandikisha majina, ili wajue barua za wanaume wao zitafikia wapi. Nikapanga nao foleni. Ilikuwa ndefu kuliko ile ya pete.

Mkuu mpya ni kijana, safi, mwenye haraka. Nilimpa jina, Ateo Menconi, nikamwambia kisiwa. Akaenda kabatini, akarudi na faili, akapitisha kidole juu ya mwandiko wa Lopardo.

"Wewe ndiye Argia? Umeandikwa hapa kwamba si mke."

"Sitaki posho wala barua, Afande. Nataka kujua tu kama yu hai."

Alisoma kitu kwenye ukurasa uliofuata. Alikisoma chote, mpaka chini. Kisha akalifunga faili.

"Mwambie mkewe aje aulize," alisema, na akaniashiria nimpishe mama aliyekuwa nyuma yangu.